Kupunguza sauti ya intakomu ya fleti: resista na swichi, potenshiometa, au L-pedi?

Intakomu za majengo ya fleti hufungwa zikiwa na sauti ya kumfikia mtu aliye jikoni huku blenda inanguruma. Aliyezifunga hakujua sebule yako ina ukubwa gani, wala kama chumba cha pembeni kuna mtoto wa miezi mitatu. Basi saa sita usiku mlinzi anabonyeza namba ya fleti yako badala ya ya jirani aliyeagiza chakula, na nyumba nzima inakaa kitako kitandani.

Njia za kuipunguza sauti hiyo zipo kadhaa. Nyingine ni za bure, nyingine zinataka chuma cha kulehemu, na nyingine zinauzwa madukani kwa sifa zisizostahili. Msimamo wangu nautaja mapema ili usinisome kwa kubahatisha: kwa spika ya kawaida ya ukutani, resista moja (kijipande kinachozuia sehemu ya umeme) na swichi ndogo ya kuipita vinashinda kitufe cha kuzungusha, kiwe potenshiometa au L-pedi, karibu kila mara. Ila yapo majengo ambayo hata hiyo resista haifai kusogea karibu na waya, na hayo ndiyo ya kuanza nayo.

Kabla ya kushika bisibisi

Swali la kwanza ni kujua kinacholia ni kitu gani. Wengi hulivuka swali hili, wananunua kifaa, kisha wanashangaa mbona sauti ni ileile.

Kifaa cha ukutani chenye mkono wa simu mara nyingi kina vyanzo viwili vya sauti. Maneno ya mlinzi yanatoka kwenye mkono, sikioni mwako. Mlio wa kukuita unatoka ndani ya kifaa chenyewe, kwenye spika ndogo au kwenye baza. Baza ya zamani ni ya sumaku-umeme. Inatetemeshwa na umeme wa takriban volti 12 AC kutoka transfoma ya jengo, na mlio wake ni kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Baza ya kisasa ni ya piezo, kisahani chembamba cha chuma kilichobandikwa seramiki, chenye mlio mwembamba wa kukereketa. Halafu kuna vifaa visivyo na mkono, ambavyo spika moja inabeba yote mawili, mlio na maongezi.

Hesabu zote za hapa chini za omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) na desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ni za spika yenye koili. Baza ya sumaku-umeme ukiikatia umeme kwa resista haipungui kwa ustaarabu. Inalia au inagoma, na siku volti ya jengo ikishuka kidogo itagoma kabisa. Piezo nayo haisikii resista za omu chache. Inataka za kilo-omu, tena ikiwa haina sakiti yake ya ndani ya kutengeneza mlio. Kwa baza hizi mbili, dawa ni kipande cha tepu au sponji juu ya tundu la kutolea sauti. Dukani wakikuuzia L-pedi ya 8 omu kwa ajili ya baza ya piezo, umenunua pambo.

Swali la pili: spika hiyo ina kazi nyingine? Katika baadhi ya majengo, hasa maghorofa marefu ya Marekani na ya Ghuba, spika ya ndani ya fleti au ya dari ndiyo hutoa tangazo la moto. Kiwango cha Marekani cha ving'ora vya moto, NFPA 72, kinataka mlio wa hatari ufikie desibeli 75 mahali pa mto wa anayelala. Spika ya namna hiyo haipunguzwi na mpangaji, haifunikwi sponji, haiguswi. Ukitaka ipungue, unaandika barua kwa msimamizi wa jengo.

Utaitambuaje? Ukifungua kifuniko ukakuta nyuma ya spika kuna katransfoma kenye nyaya au vituo (sehemu za kufungia waya) vilivyoandikwa 1W, 2.5W, 5W, hapo uko kwenye laini ya matangazo ya volti 100 (Marekani hutumia 70 na 25). Laini hiyo ina sheria zake. Sauti hupunguzwa kwa kuhamisha waya kwenda kituo cha wati ndogo, na kila ukigawa wati kwa mbili unapoteza desibeli 3. Vinginevyo hutumiwa kidhibiti maalumu chenye transfoma ndani. Vidhibiti vizuri vya aina hiyo vina relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ambayo, tangazo la dharura likija, inakipita kidhibiti na kurudisha sauti yote hata kama uliizima. Likumbuke wazo hilo, kwa sababu tutaliiba.

Swali la tatu: waya ni wa nani? Nyaya zinazopanda kutoka getini hadi juu ni mali ya pamoja ya jengo. Kenya ina Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo, Tanzania ina yake ya mwaka 2008, na zote mbili zinatenganisha kilicho cha mwenye fleti na kilicho cha wote. Lakini hata bila sheria, sababu ya kiufundi inatosha. Mifumo mingi ya sasa hutumia waya mbili tu kwa jengo zima, na kila fleti imening'inia hapo. Shoti moja kwenye waya hizo ndani ya fleti yako inaweza kunyamazisha ghorofa zote. Kwenye mifumo ya zamani ya waya tano au sita, kitufe cha kufungua mlango huunganisha tu vituo viwili. Ukivigusanisha kwa ncha ya bisibisi, mlango wa chini unafunguka na anayetaka kuingia anaingia.

Kwa hiyo mpaka ni huu: kazi yote inafanyika kati ya bodi ya kifaa chako na spika yake, kwenye zile nyaya mbili fupi zinazoishia kwenye mabega ya spika. Nyaya zinazotoka ukutani hazikatwi, hazichubuliwi, hazipimwi kwa kubahatisha.

Njia zisizokata waya

Anza na kifaa chenyewe. Intakomu zenye skrini, za Hikvision, Commax na wenzao, kwa kawaida zina menyu ya sauti, na mara nyingi mlio wa kuita na sauti ya maongezi hurekebishwa kila kimoja peke yake. Watu wanaishi na kelele miaka mingi kwa sababu aliyehama hakuacha kijitabu cha maelekezo. Vifaa vya mkono vingi vina kiswichi cha hatua mbili au tatu ubavuni au chini: juu, wastani, kimya. Kipapase kwa kidole kabla ya kufungua chochote.

Ukifungua kifuniko unaweza kukuta kwenye bodi skrubu ndogo ya plastiki yenye mfuo, ya kuzungushwa kwa bisibisi ya saa. Weka alama ilipokuwa, kisha izungushe polepole huku mtu anabonyeza chini. Kama inabadilisha sauti ya upande wako, kazi imekwisha na hakuna kingine kitakachoizidi. Skrubu za namna hiyo zilizo kwenye paneli ya getini usiziguse. Zile zinawahusu wote.

Sponji au tepu juu ya matundu ya spika ni njia inayodharauliwa bure. Haigharimu kitu, inatolewa bila alama, na mpangaji haombi ruhusa ya mtu. Ubaya wake ni kwamba inakula zaidi sauti nyembamba, na herufi kama s, sh, f na th ndizo zinazobebwa huko. Mlinzi atasema "Hassani" utasikia "Amani". Kwa mlio wa kengele pekee haidhuru. Kwa spika ya maongezi inachosha. Hakikisha sponji haigusi karatasi ya spika, na kwenye kifaa chenye skrini usizibe matundu ya kupitishia joto.

Resista ya mfululizo, na swichi yake

Hii ndiyo ninayoipendekeza. Unakata waya mmoja kati ya miwili ya spika, unaweka resista hapo katikati. Umeme wa sauti unagawana kati ya resista na spika, na spika inapata kidogo.

Usalama wake ni wa kihesabu. Amplifaya ya transista huharibiwa na mzigo mzito, yaani omu zikipungua mno au shoti. Resista ya mfululizo inaongeza omu tu, kamwe haipunguzi, hivyo hata ukikosea thamani, amplifaya inapumzika badala ya kuchoka. Kosa baya zaidi hapa ni ukimya. Njia nyingine za kukata waya zinazofuata hazina uhakika huo.

Kwanza soma omu za spika. Zimechapwa nyuma, kwenye sumaku: 8Ω 0.5W, au 16, 32, na kwenye intakomu nyingi za ukutani 45. Kama maandishi yamefutika, chomoa waya mmoja upime kwa mita. Itasoma pungufu kidogo ya thamani halisi, kwa mfano 6.8 au 7 kwa spika ya 8. Kisha tazama jedwali:

| Spika | Kupungua kidogo (desibeli 6 hivi) | Karibu nusu kwa sikio (10 hivi) | Kunong'ona (15 hivi) |
|---|---|---|---|
| 8 omu | 8.2 | 18 | 39 |
| 16 omu | 15 | 33 | 68 |
| 32 omu | 33 | 68 | 150 |
| 45 omu | 47 | 100 | 220 |

Desibeli 10 masikioni huhesabiwa kuwa kama nusu ya sauti, ingawa kwa wati ni sehemu ya kumi. Ndiyo maana mtu akiweka resista inayolingana na spika anasema "mbona haijapungua sana", wakati spika inapata robo tu ya nguvu yake ya awali.

Ukubwa wa wati ndipo watu wanapoungua vidole. Chukua amplifaya ya wati 2 kwenye spika ya 8 omu. Hiyo ni volti 4 na nusu ampea. Weka resista ya 8.2: mkondo unashuka hadi robo ampea, spika inapata nusu wati na resista inageuza nusu wati kuwa joto. Zile resista nyembamba za robo wati zitabadilika rangi, na mlio wa kengele ukishikiliwa muda mrefu zitanuka. Nunua ya wati 2, au ya saruji ya wati 5, ile nyeupe yenye umbo la tofali. Kariakoo au Luthuli Avenue ni kitu cha bei ya chai. Ya saruji ina faida nyingine: haina haja ya kusoma mistari ya rangi inayotaja omu, imeandikwa ubavuni 5W18ΩJ, ambapo J ni uvumilivu wa asilimia 5, yaani omu halisi zinaweza kupishana na maandishi kwa kiasi hicho. Ya mistari ya 18 omu ni kahawia, kijivu, nyeusi. Ya 100 ni kahawia, nyeusi, kahawia. Mistari ikikuchanganya, chukua mita tu upime.

Sasa swichi. Sambamba na resista, yaani mguu mmoja huku na mwingine huku, lehemu swichi ndogo ya kuwasha na kuzima. Swichi ikifungwa, yaani ikiwashwa, umeme unapita kwenye swichi badala ya resista na sauti inarudi yote. Ikiachwa wazi, resista inafanya kazi. Mchana kamili, usiku pungufu. Hilo ndilo wazo la kuazima kwenye laini za matangazo ya dharura: kidhibiti kiwe na njia ya kupitwa.

Angalia pia inavyoharibika. Swichi ikipata kutu, jambo la kawaida Mombasa, Unguja na Dar kwa hewa ya chumvi, inabaki wazi, na wewe bado unasikia kengele kwa sauti ya chini. Resista nayo ikikatika ndani, ukifunga swichi sauti inarudi. Haiwezekani mtoto akacheza na swichi hiyo akakuacha kiziwi kwa mlango wako mwenyewe. Swichi iliyofungwa vibaya, ile ya kukata waya wa spika moja kwa moja, inafanya kinyume: mtu anaizima Ijumaa usiku, Jumapili mgeni ametoka Tanga anazunguka getini huku simu yako inachaji chumbani.

Kasoro ipo. Spika ndogo ikiwekewa resista mbele, sauti yake inabadilika kidogo na kuwa nyembamba, kwa sababu omu za spika si zilezile kwa kila mlio. Kwa muziki ungelalamika. Kwa "shikamoo mama, kuna kijana wa boda ana mzigo wako" hutatambua.

Kasoro ya pili inahusu intakomu za zamani za kubonyeza ili kuongea, ambazo spika hiyohiyo hugeuka kipaza sauti chako. Utakachoweka kwenye waya wa spika kimekaa pia kwenye njia ya sauti yako kwenda chini, na aliye getini anaweza kukusikia kwa mbali. Hapo swichi inakuokoa: ifunge unapojibu, iache wazi ukimaliza. Ukiwa na intakomu ya aina hii, resista bila swichi siipendekezi.

Potenshiometa

Kila mtu anataka kitufe cha kuzungusha, na ninaelewa. Ni kizuri machoni. Shida ni kwamba kinachouzwa kwa urahisi ni potenshiometa ya kaboni ya redio, mara nyingi ya 10,000 omu. Hiyo ilitengenezwa kukaa kabla ya amplifaya, kwenye umeme mdogo sana, haikutengenezwa kukaa kati ya amplifaya na spika. Ukiifunga kwenye spika ya 8 omu, asilimia 1 ya mzunguko ni tayari 100 omu, nayo ni desibeli 23 chini. Maana yake sauti yote inaishi kwenye milimita ya mwanzo. Sogeza kidogo, kimya. Na hiyo milimita ndiyo inayobeba mkondo wote, kwenye ukanda mwembamba wa kaboni.

Hapa kuna jambo ambalo kijarida cha duka hakikwambii. Wati zilizoandikwa kwenye potenshiometa ni za njia yote. Ukitumia sehemu ya kumi ya njia, una haki ya sehemu ya kumi ya wati hizo. Kwa hiyo hata potenshiometa ya waya, ile nzito yenye mwili wa seramiki, inatakiwa ikaguliwe kwa mkondo. Ya 50 omu na wati 5 inavumilia karibu 0.3 ampea popote ilipo. Intakomu ndogo ya nusu wati kwenye 8 omu haipiti robo ampea, hivyo iko salama mwanzo hadi mwisho. Amplifaya ya wati 2 inafika nusu ampea, na hapo mwanzo wa mzunguko utapata moto.

Ukiipata hiyo ya waya, itumie kwa vituo viwili, cha katikati na kimoja cha pembeni, kama resista ya mfululizo inayobadilika. Ukiiweka ya 50 omu kwenye spika ya 8, mwisho wa mzunguko ni desibeli 17 chini: ndogo, lakini bado ipo. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko L-pedi. Cha pembeni kilichobaki kiunganishe na cha katikati, ili kidole cha ndani kikiinuka kwa kutu sauti isikatike bali ishuke hadi chini kabisa. Usikipeleke kwenye upande wa pili wa spika. Hapo umejitengenezea njia ya shoti kwa kuzungusha kitufe.

L-pedi

L-pedi ni kidhibiti cha watu wa maboksi ya spika. Ndani yake kuna sehemu mbili zinazozunguka pamoja: moja mfululizo, nyingine sambamba na spika, zimepangwa ili amplifaya ione omu zilezile kitufe kikiwa popote. Unaweza kuitengeneza ya kudumu kwa resista mbili. Kwa spika ya 8 omu na desibeli 10, weka 5.6 mfululizo na 3.9 sambamba na spika. Amplifaya itaona karibu 8.2.

Ni kifaa kizuri, na kwa kazi yake halisi sina neno. Kwa intakomu kina mambo matatu. La kwanza, hakipumzishi amplifaya hata kidogo. Kwenye ule mfano wa wati 2, amplifaya inaendelea kutoa karibu wati 2, ambapo karibu 1.3 zinaishia kwenye resista ya kwanza, 0.4 kwenye ya pili, na spika inapata 0.2. Ni joto la bure ndani ya kijisanduku cha plastiki. La pili, zinazouzwa nyingi ni za 8 omu. Ukiiweka kwenye spika ya 45 omu, kitufe kikishushwa amplifaya iliyozoea 45 inakutana na mzigo mzito hadi zaidi ya mara tano, nayo haikujengwa kwa hilo. La tatu, mwisho wa mzunguko wake ni kimya kabisa.

Lini basi uichague? Amplifaya ikiwa ya vali (zile taa za kioo za redio za zamani), au ina transfoma ya kutolea sauti, inataka mzigo usiobadilika, na huko resista ya mfululizo peke yake si adabu. Intakomu za namna hiyo ni za majengo ya zamani, na amplifaya yenyewe kwa kawaida iko kwenye chumba cha umeme chini, si fletini kwako; kwa hiyo ni kazi ya fundi wa jengo. Ukifunga L-pedi, fuata mchoro uliobandikwa juu yake, kwa sababu ukibadilisha vituo unaweza kuleta shoti kwenye pembe moja ya mzunguko.

Onyo moja linahusu L-pedi na chochote kingine chenye nyaya tatu. Vifaa vingi vya sasa vina amplifaya ndogo inayosukuma nyaya zote mbili za spika. Hakuna hata mmoja ulio hasi. Ukiunganisha mmoja wao na hasi ya bodi au na chuma cha kisanduku, chipu inakufa hapohapo. Resista ya mfululizo haina ugomvi na jambo hili, iwekwe waya wowote.

Kubadilisha kifaa kizima

Kifaa kipya chenye kirekebisha sauti chake ni njia safi, na ni ghali kuliko zote. Lazima kiwe cha mfumo uleule. Kifaa cha waya tano cha kampuni moja hakikubali waya mbili za kampuni nyingine, na hata ndani ya kampuni moja vipo vizazi visivyoelewana. Kwenye mifumo ya waya mbili kila kifaa hupewa namba kwa viswichi vidogo nyuma. Ukisahau kunakili mpangilio wa cha zamani, utakuwa unapokea wageni wa jirani. Nyumba yenye mzee asiyesikia vizuri, hapa ndipo pesa inastahili kwenda, kwa sababu unaweza kupata chenye taa ya kumweka pamoja na mlio. Mpangaji amwombe mwenye nyumba kwanza, na kile cha zamani akihifadhi kwenye boksi hadi siku ya kuhama.

Kufunga na kujaribu

Piga picha ya ndani kabla ya kugusa. Kama kifaa kinachomoka kutoka kwenye bamba lake la ukutani, kichomoe, kazi yote ifanyie mezani. Kama hakichomoki, mwombe msimamizi azime usambazaji wa intakomu kwa muda. Umeme wa intakomu wenyewe ni mdogo, volti 12 hadi 24 kwa kawaida, lakini tundu la ukutani unaweza kulikuta linashirikiana na waya wa taa, na huo ni volti 230 Tanzania, 240 Kenya. Ukiona waya mnene usioujua ndani ya tundu, funika, ita fundi umeme.

Maungo ya lehemu yavishwe mpira wa kusinyaa kwa joto au tepu ya umeme. Resista ya saruji isiegemee plastiki wala karatasi ya spika. Ifunge kwa waya pembeni ya skrubu, mahali penye nafasi ya hewa. Swichi itoboe chini ya kifuniko, si mbele, na kama hupendi kutoboa kifaa cha mwenye nyumba, toa nyaya mbili fupi kupitia tundu lililopo.

Kisha shuka getini. "Kaka, naomba nikifika juu unibonyezee, usubiri kidogo, unibonyezee tena." Panda, washa feni, funga mlango wa chumba cha kulala, ulale kama unavyolala. Usipousikia ule wa kwanza kwa swichi ya usiku, toa 18 uweke 8.2, urudie.